Ukiwa bado melini wanakuuzia safari ya mwakani: Je, ukubali?

Na Mwandishi Wetu, Garland, Texas

ILIKUWA siku ya mwisho baharini. Meli ya Carnival Jubilee ilikwishaziacha bandari za Mexico na Honduras, na sasa ilikuwa inakata maji ya Ghuba kurudi Galveston. Abiria walikuwa wameanza kufunga mizigo. Hata hivyo, sehemu moja ya meli ilikuwa na foleni ndefu kuliko ya chakula.

Foleni hiyo ilikuwa mbele ya dawati linalouza safari za mwakani. Mke wangu alikuwa wa nne kutoka mbele, ananipungia mkono.

"Baba watoto, njoo usikie mwenyewe," aliniambia. "Tukiweka nafasi leo kishika uchumba kinapungua, halafu tunapewa na pesa za kutumia humu melini. Tukisubiri mpaka tufike nyumbani, hayo hatuyapati."

Hiyo ilikuwa Julai 2025. Nilikwenda, lakini kwa miguu mizito. Si kwamba sipendi kuokoa pesa. Mtu anayelea watoto wawili kwa mshahara wa ghala hapa Garland hawezi kudharau dola mia. Nilikuwa na sababu nyingine, na nadhani wasomaji wengi walioko ughaibuni wanaifahamu hata kabla sijaitaja.

Makala haya yanahusu hesabu hiyo: ni lini kununua safari ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza kunamfaa mtu, na ni lini kunamtia hasara. Kwa Mmarekani wa kawaida ni hesabu ya bei tu. Kwa sisi wengine, ni hesabu ya bei na ya karatasi.

Safari ya watu wa kawaida

Msomaji aliyeko Mombasa au Zanzibar anazijua meli za kitalii kama majengo meupe yanayotia nanga asubuhi, yakashusha wazee wa Kizungu wenye kofia, na kuondoka jioni. Ni vigumu kuamini kwamba mpakia mizigo wa ghalani anaweza kupanda humo na familia yake.

Hapa Texas inawezekana, na sababu yake ni barabara. Kutoka Garland, mji wenye watu zaidi ya 240,000 kaskazini mashariki mwa Dallas, hadi bandari ya Galveston ni karibu kilomita 480. Ni mwendo wa saa tano au sita kwa gari, ukipitia Houston. Hakuna tiketi ya ndege. Nauli ya meli inajumuisha kitanda, chakula na michezo ya watoto, na watu wanne wanaweza kulala chumba kimoja kisicho na dirisha.

Kampuni ya Carnival ilianza kutumia Galveston kwa mwaka mzima tangu mwaka 2000. Novemba 2022 Royal Caribbean ilifungua jengo lake la abiria hapo hapo, na Novemba 2025 MSC nayo ikaingia. Norwegian na Disney pia hupeleka meli zao huko kwa misimu. Ushindani huo ndio unaoshusha bei, na ndio unaofanya kila kampuni itake kukushika mkono kabla hujashuka na kwenda kwa jirani yake.

Wanachokupa, na wanachopata wao

Karibu kila kampuni kubwa ina dawati la aina hiyo. Royal Caribbean hulipa jina la NextCruise. Norwegian huuza vocha inayoitwa CruiseNext, ambayo mtu huilipia kabla hajachagua meli wala tarehe. Disney, kwa masharti ambayo yamekuwepo kwa miaka mingi, humruhusu abiria kulipa dola 250 kwa chumba akiwa bado melini, kisha akachagua tarehe baadaye ndani ya miezi 24 na kupunguziwa asilimia 10 ya nauli, ingawa kuna tarehe ambazo punguzo hilo halifanyi kazi.

Faida zinazotolewa kwenye madawati hayo ni za aina tatu. Ya kwanza ni punguzo la nauli yenyewe. Ya pili ni salio la kutumia melini, yaani pesa ambazo huwezi kutoka nazo lakini unaweza kuzilipia bakshishi, vinywaji, picha au matembezi ya bandarini. Ya tatu ni kupunguziwa malipo ya awali, yale ambayo kwetu huitwa kishika uchumba.

Msomaji aangalie vizuri hiyo ya tatu. Kupunguziwa kishika uchumba si kupunguziwa bei. Unalipa kidogo leo, lakini deni lote liko pale pale, na litadaiwa kiasi cha miezi mitatu kabla ya safari, wakati mwingine zaidi. Wengi hutoka pale wakidhani wameokoa dola mia tano, kumbe wameahirisha kuzilipa.

Na kampuni inapata nini? Inapata mteja bila kulipia tangazo. Inapata pesa mwaka mzima kabla ya kutoa huduma. Tena inamkuta mteja huyo katika wiki yake nzuri kuliko zote: ameshiba, hajapika siku saba, watoto hawajagombana tangu asubuhi. Mhudumu wa dawati naye mara nyingi hulipwa kwa kamisheni. Hakuna dhambi katika hilo, ni biashara. Lakini muuzaji wa soko la Bujumbura pia anajua kwamba mteja aliyeshiba hapatani bei sana.

Hesabu ya familia ya watu wanne

Tuchukue mfano. Hizi si bei za kampuni fulani, ni namba za kufundishia tu, lakini haziko mbali na zile utakazokutana nazo.

Familia ya watu wanne inataka safari ya siku saba wakati shule zimefungwa. Nauli ya chumba ni dola 3,600. Kishika uchumba cha kawaida ni dola 250 kwa mtu, yaani 1,000. Dawatini wanakikata nusu, kinakuwa 500, na wanakupa salio la dola 150.

Salio hilo si kitu kidogo. Lakini bakshishi ya wafanyakazi, ambayo kampuni nyingi hukata zenyewe kila siku, ikiwa dola 17 kwa mtu, basi kwa watu wanne kwa siku saba ni dola 476. Hata theluthi yake salio halifikishi. Ongeza maegesho ya gari bandarini, ambayo kwa wiki nzima ni zaidi ya dola mia, na mafuta ya kwenda na kurudi kilomita 960.

Kwa hiyo swali la kwanza si "nitapewa nini?" Swali ni "je, safari hii ningeinunua hata bila zawadi?" Kama jibu ni ndiyo, na tarehe unaijua, basi dola 150 ni zako halali. Kama ulikuwa hujafikiria kusafiri tena, hujaokoa 150, umejifunga kutumia 3,600.

Swali la pili ni la msimu. Nauli ya mwezi wa saba na ile ya mwezi wa tisa ni mbingu na ardhi. Septemba watoto wamekwisharudi shule, na ni kilele cha msimu wa vimbunga, ambao rasmi huanza Juni 1 na kumalizika Novemba 30. Mwenye mtoto ambaye hajaanza shule ataokoa zaidi kwa kubadilisha mwezi kuliko kwa kupanga foleni kwenye dawati lolote.

Swali la tatu ndilo kubwa, nalo huandikwa kwa herufi ndogo. Nauli nyingi huuzwa kwa sura mbili. Moja ni ya kishika uchumba kinachorudi, nyingine ni ya kisichorudi. Ile isiyorudi ni ya bei nafuu, na ndiyo ambayo mara nyingi utaonyeshwa kwanza.

Tuseme tofauti yake ni dola 120 kwa familia. Wachukue majirani wanne, kila mmoja akaweka dola 500 zisizorudi. Wote kwa pamoja wameokoa 480. Mmoja wao akishindwa kusafiri, amepoteza 500. Jumuiya nzima imekula hasara, ingawa watatu watarudi wakisifia jinsi walivyookoa.

Kwa hiyo mtu ajiulize kwa dhati: kati ya familia nne zinazoishi kama yangu, zenye kazi kama yangu na karatasi kama zangu, ni ngapi zinaweza kuapa zitakuwa huru kusafiri tarehe fulani mwakani? Kama mwajiri wako hatoi likizo mpaka miezi miwili kabla, wewe ni mmoja wa hao wanne. Kama hati yako ya kusafiria inaisha kabla ya tarehe hiyo, wewe ndiye yule anayepoteza.

Lazima uguse nchi ya kigeni

Hapo kwenye hati ndipo wengi wetu tunapoteleza, maana safari yenyewe inaonekana kama ya ndani. Unaegesha gari Galveston, unarudi Galveston. Bendera za Marekani ziko kila mahali. Mtu anaweza kudhani hajatoka nchini.

Ametoka. Meli hizi karibu zote zimejengwa nje na zinapeperusha bendera za nchi kama Panama na Bahamas. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 kuhusu vyombo vya abiria inazuia meli za namna hiyo kubeba watu kati ya bandari za Marekani peke yake. Ndiyo maana kila safari ya kitalii kutoka Galveston lazima iguse bandari ya kigeni, iwe Cozumel, Progreso, Costa Maya au Roatán. Na kila anayerudi anaingia Marekani upya mbele ya ofisa wa mpakani.

Raia wa Marekani anayeanza na kumaliza safari katika bandari ile ile ya nchi yake anaweza kurudi hata kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Sisi wengine hatuna wepesi huo.

Mtu ambaye ombi lake la hifadhi bado halijaamuliwa, akitoka nchini bila kibali maalumu cha kurudi, huhesabiwa kuwa ameliacha ombi lake. Msomaji asome sentensi hiyo mara mbili. Wiki moja ya kuogelea Cozumel inaweza kufuta kesi ya miaka mitano. Aliyekwishapewa hifadhi au hadhi ya ukimbizi anahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi. Hati hiyo hudumu mwaka 1 tu, hairefushwi, na mpya huombwa upya na kusubiriwa kwa miezi mingi.

Sasa weka mambo hayo mawili pamoja. Dawati la melini linakuuzia safari ya miezi 12 au 14 ijayo. Hati uliyonayo mfukoni inadumu miezi 12, na kadhaa imekwishapita. Maana yake ni kwamba unanunua safari ambayo hati yako ya leo haiwezi kuifikia.

Mia tano zilizokwenda na maji

Najua kwa sababu yalinikuta. Mwaka 2022 tulisafiri kwa mara ya kwanza, kwa kampuni ambayo sitaitaja kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Siku ya mwisho tulifanya kama wengine: tukapanga foleni, tukachagua kiangazi cha 2023, tukachukua nauli ya bei nafuu. Kishika uchumba kilikuwa dola 500. Nilisaini bila kugeuza ukurasa. Nikauziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia nilikuwa nimelishika mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata hati zetu zilikwisha muda. Tulikuwa tumeomba mpya. Ya kwangu ilifika. Ya mke wangu haikufika mpaka meli ilipokuwa imeondoka na kurudi. Niliandika barua, nikaeleza kwa adabu zote. Nilijibiwa kwa adabu vilevile kwamba masharti niliyasaini.

Pesa zile zilikuwa zamu ya mke wangu katika upato, ule ambao ndugu zetu Wakongo wa hapa Dallas huuita likelemba. Akina mama kumi wanatoa kila mwezi, mmoja anapokea. Alikuwa amesubiri miezi tisa kufika zamu yake. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo lilikuwa zito kuliko kulaumiwa.

Kuna wengine walijifunza somo hilo kwa njia nyingine. Machi 2020 janga la korona liliposimamisha meli zote, waliokuwa wamelipa walipewa hiari ya kurudishiwa pesa au kuchukua salio la safari ya baadaye, lenye nyongeza kidogo. Waliochukua salio walisubiri mpaka kiangazi cha 2021 ndipo meli zikaanza tena kuondoka Galveston. Aliyekuwa na kazi aliweza kungoja. Aliyefukuzwa kazi alikuwa na salio la kuogelea, hana la kodi ya nyumba.

Meli ya kwanza

Lakini nilisema nina sababu nyingine ya kusitasita, na si zile dola mia tano.

Meli ya kwanza niliyopanda na mke wangu haikuwa ya kitalii. Ilikuwa Mei 2015. Baada ya jaribio la kumpindua Rais Pierre Nkurunziza, redio binafsi za Bujumbura zilishambuliwa, na ile niliyofanyia kazi ilikuwa mojawapo. Tuliondoka Buyenzi na mtoto wa miaka miwili na mfuko mmoja, tukafika Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kilicho ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kati ya maji na mlima. Maelfu kwa maelfu ya Warundi walikuwa wamekaa juu ya mchanga. Kipindupindu kilikuwa kimekwishaingia.

Kagunga haikuwa na gati. Mitumbwi ilitupeleka hadi kwenye meli iliyotia nanga mbali kidogo, na meli hiyo ilikuwa MV Liemba. Ikatupeleka Kigoma, na kutoka hapo mabasi yakatupeleka kambi ya Nyarugusu. Hakuna aliyetuuliza kama tungependa kuweka nafasi ya safari ijayo.

Liemba ilijengwa na Wajerumani mwaka 1913 katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa ndani ya makasha mpaka Dar es Salaam na kisha kwa reli hadi Kigoma, ilikounganishwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isije ikaangukia mikononi mwa adui. Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikapewa jina la Liemba.

Nilipokuwa natafuta habari za Carnival Jubilee kabla ya kulipa nauli ya 2025, nilikuta kwamba nayo ilijengwa na karakana hiyo hiyo ya Meyer, mjini Papenburg, ikakabidhiwa mwishoni mwa 2023. Miaka 110 baina yao. Moja ilibeba watu wapatao 600 kwa wakati mmoja, nyingine hubeba zaidi ya 5,000. Familia yangu imelala katika zote mbili. Nilimwambia mke wangu, akacheka, akasema basi fundi huyo ametutosha.

Kwa miaka mingi baada ya Liemba hatukununua kitu chochote kikubwa. Nyarugusu ilieleweka. Lakini hata baada ya kufika Texas mwishoni mwa 2019 tuliendelea vile vile. Kitanda cha mitumba, kwa sababu tutarudi. Pazia za kubandika, kwa sababu tutarudi. Kila mwaka nilikuwa nasema mwakani. Mwandishi wa habari aliyefukuzwa na habari za kwao huishi kwa kusikiliza redio, na redio kila jioni humpa sababu ya kungoja kidogo tena.

Kuweka nafasi ya safari ya mwakani ni kitu kidogo. Lakini ni kuandika tarehe, na pembeni ya tarehe kuandika mahali utakapokuwa umekaa. Pale dawatini, mhudumu aliponiuliza kwa tabasamu, "Kiangazi kijacho mtakuwa huru?", sikuwa na jibu. Miaka kumi nilikuwa sijawahi kumjibu mtu swali hilo.

Mke wangu ndiye aliyenijibia, kwa Kiswahili, mhudumu asisikie. "Baba watoto, hawa watoto wanajua tarehe ya kufungua shule ya mwakani. Ni sisi wawili tu tusioijua."

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Tulikubaliana kuuliza kwanza. Haya ndiyo maswali tuliyouliza, na ningemshauri kila msomaji ayaandike kwenye karatasi kabla ya kupanda meli, si baada ya kupanga foleni.

Kwanza, kishika uchumba hiki kinarudi au hakirudi? Nikisitisha, pesa inarudi kwenye kadi yangu au inageuzwa salio? Mpaka tarehe ipi? Usikubali jibu la mdomo. Omba uonyeshwe mahali palipoandikwa.

Pili, tofauti ya bei kati ya nauli inayorudi na isiyorudi ni dola ngapi kwa chumba chote, si kwa mtu mmoja?

Tatu, nikibadilisha tarehe au meli kuna faini, na lile salio la zawadi linabaki?

Nne, bei ikishuka kabla ya malipo ya mwisho, nitapewa bei mpya? Hapa Marekani kampuni nyingi hukubali kurekebisha kabla ya tarehe hiyo, lakini hazitakupigia simu kukuambia. Ni wewe wa kuchungulia bei kila wiki na kudai.

Tano, ninaweza kuikabidhi nafasi hii kwa wakala wangu wa safari? Wengi hawajui kwamba inawezekana, ingawa ina muda maalumu. Ukimtaja wakala pale pale dawatini, mara nyingi humkosi yule wa kukupigania bei baadaye, na humlipi wewe, hulipwa na kampuni.

Sita, salio la zawadi linaunganishwa na ofa nyingine, au moja inaiua nyingine?

Jambo moja zaidi: usiende siku ya mwisho kama tulivyofanya sisi. Nenda asubuhi ya siku ambayo meli iko bandarini na wenzako wameshuka. Utapata nafasi ya kuuliza, na bado utakuwa na usiku mbili au tatu za kufikiri. Haraka haraka haina baraka, na foleni yenye watu ishirini nyuma yako ni haraka ya kutosha.

Na kwa wenzangu wenye hati za ukimbizi, swali la saba haliulizwi melini. Linaulizwa kwa mwanasheria wa uhamiaji, kabla ya safari yoyote: je, nikitoka nitarudi?

Tulichofanya

Tuliweka nafasi. Tulichukua nauli ya kishika uchumba kinachorudi, tukakubali kulipa zaidi kidogo kuliko wote waliokuwa mbele yetu kwenye foleni. Mhudumu alishangaa, akatukumbusha kwamba ile nyingine ni nafuu. Nilimwambia najua. Cha rahisi nilikwishakinunua mwaka 2022, na kilikuwa ghali.

Juni 2025, mwezi mmoja kabla ya safari yetu, serikali ya Marekani ilikuwa imetangaza vizuizi vya kuingia kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwemo, ingawa wenye ukaazi wa kudumu kama sisi hawakuguswa. Desemba 2025 likaja jingine: idara ya uhamiaji iliagiza maombi ya raia wa nchi hizo yasimamishwe na kupitiwa upya. Maombi yetu ya hati mpya za kusafiria yalikuwa humo. Ombi letu la uraia, tulilowasilisha masika ya mwaka huo, nalo lilikuwa humo.

Kama tungechukua ile nauli nyingine, jioni ile tungekuwa tunahesabu hasara ya pili. Badala yake tulifungua barua pepe ya kampuni, tukaitafuta tarehe ya mwisho ya kusitisha bila kupoteza kitu, na mke wangu akaizungushia wino mwekundu kwenye kalenda ya jikoni. Hati zikifika kabla ya duara hilo, tutalipa zilizobaki, na zamu yake ya upato ameipanga mwezi huo huo kwa makusudi. Zisipofika, pesa itarudi, nasi tutaiweka tena siku nyingine.

Kwa hiyo, msomaji, kununua safari ijayo ukiwa bado melini kunaweza kukuokolea pesa, na si utapeli. Kunamfaa mwenye kujua tarehe yake, mwenye likizo iliyokubaliwa, na ambaye hati yake itakuwa hai siku ya kupanda na siku ya kushuka. Asiye na uhakika wa mojawapo kati ya hayo alipe zaidi kidogo kwa ajili ya kishika uchumba kinachorudi, na aihesabu nyongeza hiyo kama bima, si kama hasara.

Kalenda ile iko ukutani mpaka sasa. Ni ya kwanza tuliyoinunua tangu tufike hapa. Kabla yake tulikuwa tukitumia zile za bure zinazotolewa benki, na hatukuwahi kuandika kitu chochote ndani yake.